Mama Mkwe Naye Anataka Kuiona Bahari

Wiki iliyopita niliwaacha barazani kwa mjomba Deogratias, jasho linanitoka ndani ya baridi ya Mgeta, nikisubiri neno lake. Ambaye hakuwepo namkumbushia kwa ufupi, maana mkasa wangu si wa kurukwa.

Mimi ni Athanas, Mngoni wa Songea, fundi mitambo. Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi mjini Morogoro kilifungwa, ati kinatafutiwa mwekezaji, na mwekezaji mwenyewe mpaka leo anatafutwa. Chumba cha kupanga pale Mafiga kikatushinda. Mke wangu Lucy akasema twende kwao milimani tukalime kabichi. Nikakubali, nikidhani ni msimu mmoja tu.

Huku ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama. Nyumba ninayolala ni ya mama mkwe. Matuta ninayolima ni ya mama mkwe. Watoto niliowazaa mwenyewe, Theresia na Mikaeli, ni wa ukoo wa mama yao, na msemaji wao ni mjomba Deogratias, kaka yake mama mkwe. Kwetu mwanamume ana boma lake. Huku nikitaka kukata tawi la kuni naomba ruhusa, na wakati mwingine ninanyimwa.

Ndipo akaja Abdi. Tulikuwa naye kiwandani, siku hizi anaendesha lori la mboga la tajiri mmoja wa Dar es Salaam. Akaniambia tajiri wake amefungua kiwanda cha sabuni, anataka fundi, kazi inaanza Jumatatu.

Lucy sikumwambia. Ningemwambia asubuhi, mchana mjomba angejua. Nilimwambia nampeleka yeye na watoto Dar kutembea siku mbili, wakaone bahari. Nia yangu ilikuwa tukifika, tusirudi.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, akasema, "Nenda na mkeo. Watoto wabaki."

Hapo ndipo nilipowaacha.

"Mjomba," nikasema, "hao watoto ndio wanaotaka kuona bahari."

"Bahari haihami. Wataiona wakikua."

"Mikaeli bado mdogo, hawezi kukaa bila mama yake."

"Basi na mama yake abaki. Nenda wewe, ukirudi utatusimulia."

Nilikuwa nimeingia na watu watatu mkononi, sasa ninatoka na mimi mwenyewe.

Mara ikasikika sauti nyuma ya ukuta wa jikoni. "We kuku! Mwambie Baba Theresia aongeze mtu mmoja. Na mimi nakwenda kuiona hiyo bahari."

Alikuwa mama mkwe, Bibi Felista.

Msishangae kuku. Mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana, wala hatujagombana. Ni heshima. Nikikutana naye njiani nashuka kwenye majani apite. Hatuli chungu kimoja, hatukai benchi moja. Akiwa na neno na mimi humwambia kuku, na mimi humjibu kuku yuleyule. Mwanzoni niliona ni kichekesho. Baadaye nikagundua kuwa yule kuku ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliyenisikiliza bila kunikatiza.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Basi mambo yamekwisha! Dada yangu akienda, watoto nao waende. Huyu hajalala nje ya mlima tangu azaliwe. Jumapili jioni atakuwa amewakokota wote mko hapa."

Nikatoka na ruhusa mkononi na askari wa kunirudisha. Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wangu alizaa, akazaa mama mkwe.

Nyumbani Lucy hakukaa chini. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu tufunge ndoa. Akaanza kupanga safari kama anayepanga harusi.

"Kwanza tuende baharini," akasema. "Halafu tupande pantoni, twende ng'ambo turudi. Halafu uwanja wa ndege, tukaangalie ndege zikishuka. Halafu ghorofa lenye lifti. Baba Theresia, kwenye lifti mtaingiaje na mama? Si nasikia ni kasanduku?"

"Mtapanda nyinyi. Mimi nitapita ngazi."

"Ngazi za ghorofa lote hilo?"

"Nitapanda."

"Na kwenye basi?"

"Mama atakaa nyuma na wewe na watoto. Mimi mbele kwa dereva."

"Na kulala?"

"Kwa Abdi."

"Abdi ana vyumba vingapi?"

Abdi alikuwa na chumba kimoja, na humo ndani kuna kitanda, jiko la mafuta ya taa na spea za lori. "Mimi nitalala barazani," nikasema.

"Maskini mume wangu," Lucy akasema, akanishika bega. "Utateseka kwa ajili yetu."

Lile bega liliniwaka moto. Nikataka kumwambia yote palepale. Kisha nikafikiria mjomba na kidevu chake, nikafunga mdomo. Niliona aibu, msomaji, na aibu haikunizuia.

Habari zikaenea. Majirani wakaanza kuagiza. Mmoja anataka maji ya bahari ya kumpaka mtoto mwenye ukurutu. Mwingine anataka nimpigie picha ndege. Mzee Alois wa kigango akaja na rozari yake, akaomba tuichovye baharini tukimwomba Bikira Maria. Kila mmoja alimaliza kwa maneno yaleyale: "Mkirudi Jumapili, mtatukuta."

Mkirudi. Neno hilo nilikuwa nalisikia mpaka ndotoni.

Alhamisi Abdi akaja kuanza kupakia kabichi. Nikamvuta nyuma ya lori.

"Mshikaji, mambo yameharibika. Mama mkwe anakuja."

Abdi akapiga kelele ya kicheko. "Unahamia mjini na mkwe? Wewe ndiye mkwe wa kwanza Tanzania!"

"Sema polepole! Nifanye nini?"

"Sikiliza. Nimekupatia chumba jirani na kwangu, kina bomba uani. Mfikishe mama, mwonyeshe bahari, mnunulie samaki. Jumapili mimi napandisha lori tupu, nampakia mbele na samaki wake, namleta hapa. Nyinyi mnabaki. Akifika huku na kueleza, wewe Jumatatu umeshavaa ovaroli."

"Na Lucy?"

"Lucy akishaona bomba la uani atasahau mlima. Huku si mnachota mtoni?"

Nikaona ni shauri. Mtu anayezama hata jani hulishika.

"Lakini Abdi, Lucy hajui lolote. Mbele yake usitaje chumba."

"Mimi tena? Mdomo wangu una kufuli."

Kama kuna mtu anaijua Mafiga, amuulize yeyote wa enzi zile habari ya kufuli la mdomo wa Abdi. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na mwingine.

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu uani, nafunga mizigo. Lucy alikuwa ameteremka mtoni kufua na watoto. Mama mkwe akatoka jikoni na ungo, akaketi upande wa pili wa banda, akanipa mgongo kama ilivyo adabu. Nami nikampa wangu. Kuku wakajaa katikati yetu.

"We kuku," akaanza, polepole. "Majirani wote wamekwisha kumwaga mbegu kwenye vitalu. Mvua imeshaanza. Umeona kitalu cha Baba Theresia?"

Kamba ikanitoka mkononi.

"Umekiona, we kuku? Kikavu. Hakuna hata mbegu moja. Mtu anayekwenda kutembea siku mbili humwaga mbegu kwanza, akirudi akute miche imechungulia. Asiyemwaga, hana haja na miche."

Nilikuwa nimewadanganya watu wote wa mlima ule kwa mdomo, nikasahau kwamba macho yao yako shambani. Fundi mitambo huyo! Mkulima mtoto wa huku asingekosea hivyo hata kwa kulewa.

"We kuku," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, "mwambie mama anisamehe. Kuna kazi mjini. Sikutaka kumwibia mtoto wake. Nataka tu kukaa na mke wangu na wanangu mahali ambapo nikipigilia msumari ukutani siulizwi."

Akapepeta. Akapepeta tena. Nikajua amekwisha kunihukumu, na kwamba jioni mjomba ataniita.

"We kuku, mwambie simtaji kwa mtu."

Nikageuka nusu, nikakumbuka adabu, nikarudisha uso.

"Mwambie na mimi sirudi."

"Mama!" Neno lilinitoka moja kwa moja bila kuku.

"Nimesema na kuku," akanikemea. "We kuku, kaka yangu ameleta tajiri wa mjini. Analitaka shamba la bondeni, lile lenye maji. Siku hizi kila kitu ruksa, hata makaburi ya wazee yanauzika. Lakini ardhi ya lukolo haitoki bila neno la dada mkubwa. Dada huyo ni mimi. Jumatano wanaweka kikao. Nikiwepo, nitakataa, na nikimkatalia kaka yangu mbele ya watu nitakuwa nimemvunjia heshima. Nikikubali, wajukuu wangu watalima mawe. Basi nisiwepo. Bila mimi hakuna kikao, Jumatano hii wala Jumatano nyingine."

"We kuku, muulize mama ataishi wapi huko Dar."

"Mwamvita, tuliyechezwa naye ngoma ya mwali, yuko Temeke. Ananijua kabla sijamjua mume. Kwamba nakwenda huko hakuna anayejua, na mtu asijue. Wala Lucy. Lucy akijua atalia, na akilia kaka yangu atamuuliza analia nini." Akapuliza makapi kwenye ungo. "We kuku, mwambie aape kwa Mulungu."

Nikaapa. Niliapa kwa furaha, wapenzi wasomaji! Askari wangu mwenyewe alikuwa mtoro. Nilipofunga fundo la mwisho la ule mzigo niliona mlango wa jela umefunguka wenyewe. Ningelijua hilo fundo linamfunga nani, ningeliuma kwa meno nilifungue.

Jumamosi asubuhi tukashuka na lori la Abdi hadi mjini. Mama mkwe mbele, kavaa khanga mpya, mzigo wake mapajani. Sisi juu ya kabichi. Mjomba Deogratias naye akapanda, ana magunia yake ya njegere ya kupeleka sokoni. Kutoka mjini kwenda Dar tulikuwa tuchukue basi, maana trafiki wa barabara kuu hawataki watu juu ya mzigo.

Stendi mambo yakaenda vizuri mpaka nikaogopa. Basi lilikuwa tayari linanguruma. Mama mkwe akapanda, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, dirishani. Lucy akakaa mbele yake na watoto. Mimi mbele kwa dereva. Mjomba alituaga, akaenda zake kutafuta mkokoteni wa njegere.

Konda akapiga bati. "Haya, Dar, Dar, tunaondoka!"

Ndipo nikamwona Abdi anakuja mbio, anapunga mkono. Nilimfanyia ishara arudi. Hakuniona. Alikwenda moja kwa moja dirishani kwa Lucy, meno yote nje.

"Shemeji! Nimesahau kukupa pole ya safari. Karibu sana Dar. Msijali kitu, godoro nimeshaliweka ndani, na mwenye nyumba nimemwambia mna watoto wawili, hana neno. Theresia shule ipo hapohapo, anavuka barabara tu!"

Ndani ya basi mimi nilikuwa nimesimama, mkono juu ya chuma, mdomo wazi.

Lucy hakupaza sauti. "Shule?" akauliza. "Shule ya siku mbili?"

Abdi akaniangalia. Uso wake ukabadilika. "Aa... shemeji, nilikuwa natania."

"Godoro nalo la utani?"

Lucy akasimama, Mikaeli mgongoni, Theresia mkononi. Akaja mpaka nilipo. Abiria wote walikuwa wametega masikio, na wasiosikia walikuwa wanaulizana.

"Baba Theresia. Nijibu. Tunarudi lini?"

"Mama Theresia, keti, nitakueleza njiani."

"Tunarudi lini?"

Sikuweza. Nilikuwa na uongo wa kutosha mlima mzima, lakini mbele ya macho yale hata mmoja haukutoka.

"Ungeniambia," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mimi ningekufuata hata Songea. Ungeniambia tu, nikaage kama mtu. Unanitorosha kama mbuzi wa wizi? Mimi ni mkeo!"

Akashuka. Theresia akashuka naye, anageuka kuniangalia.

"Mzee, unashuka au hushuki?" konda akanifokea. "Watu wana safari zao!"

Jumatatu ilikuwa Dar. Ovaroli ilikuwa Dar, na mlango usio na ruhusa ya mtu. Nikaruka chini.

Nilimkuta Lucy kando ya gari, kajifunika uso kwa khanga. Nikamshika mkono, akautoa. Nyuma yangu mlango ukabamizwa. Basi likaanza kwenda.

Hapo ndipo nilipokumbuka nani amebaki ndani.

Nikalikimbilia basi upande wa nyuma, nikapiga bodi kwa kiganja. "Mama! Mama, shuka!"

Bibi Felista akafungua kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake aliniangalia usoni, macho kwa macho, bila kuku wala ukuta.

"Sishuki, mkwe," akasema. "Kaa na mwanangu. Na uliloapa, uliapa."

Basi likaongeza mwendo, likashika barabara ya Kingolwira. Nikabaki katikati ya vumbi na watu wa machungwa wakinicheka, wakidhani nimeachwa na gari.

"Athanas."

Mjomba Deogratias alikuwa nyuma yangu. Mkokoteni wa njegere alikuwa ameuacha mbali. Sijui alisikia lipi na lipi, lakini Abdi alikuwa kando yake, kichwa chini, na nikajua kufuli limekwisha kufunguka lote.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Amekwenda, mjomba. Kuona bahari."

"Na nani?"

Nikalitazama vumbi la basi.

"Mwanamke asiyewahi kulala nje ya mlima umempakia kwenye basi peke yake, wewe ukashuka." Hakuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Abdi! Lori lako linakwenda Dar leo?"

"Linakwenda, mzee. Lakini basi litanitangulia."

"Mtafute stendi ya huko Dar mpaka umwone. Kesho umrudishe. Jumatano tuna kikao, na bila yeye hakuna kikao." Kisha akanigeukia. "Na wewe utapanda mlima na mimi sasa hivi. Siku dada yangu atakapofika nyumbani kwake, siku hiyo utakuwa huru kwenda unakotaka, hata kwenye sabuni yako. Kabla ya hapo, ukivuka daraja la mto hata mguu mmoja, watoto hutawaona tena."

"Mjomba, mimi ni mtu mzima!"

"Mtu mzima humwaga mbegu kwenye kitalu," akasema. Kumbe na yeye alikiona.

Nikamtazama Lucy anitetee. Alikuwa amekwisha kufuta machozi. "Usihangaike, mjomba," akasema. "Nitamlinda mwenyewe."

Huko Dar, Abdi atazunguka stendi na hatamwona mtu, maana mama mkwe atakuwa Temeke kwa Mwamvita, anakunywa chai. Kesho hatarudi. Jumatano hatarudi. Na mimi ninafunguliwa siku atakaporudi yeye. Nikisema aliko, mjomba atamleta kwa nguvu na shamba la wanangu litauzwa. Nikinyamaza, nitazeeka kwenye yale matuta.

Tukaanza kutembea kwenda kutafuta gari la kupanda mlimani, mjomba mbele, Abdi amekwisha kukimbilia lori lake. Lucy akanisogelea. Alimweka Mikaeli vizuri mgongoni, akaninong'oneza bila kuniangalia.

"Umenidanganya vya kutosha. Sasa nakuuliza kitu kimoja tu, na ukinidanganya na hiki, mimi na wewe basi. Nilipopanda, mama alinishika mkono, akawa haniachii. Athanas, mama anarudi?"

Mjomba alikuwa hatua chache tu mbele yetu. Akasimama, akageuka kunisikiliza.